Kitulo, Matema na Kiti Chenye Utepe

Uyole, Mbeya
14 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kamwene, na poleni na mvua za hapo Ipogolo. Sisi huku tuzima, ukiacha baridi ya Uyole ambayo haijawahi kumheshimu mtu. Mjukuu wako Mercy anaongea sasa. Juzi nilimkataza kula udongo, akanitazama vile unavyomtazama paroko akichelewa misa, nikajua damu yako imefika Mbeya. Mkwe wako Gwakisa bado anafundisha hesabu watoto wasiozitaka. Mimi duka la pembejeo limenichosha. Msimu huu wakulima wananijazia mlango tangu asubuhi wakiulizia mbolea ambayo haijafika, na kila mmoja ananinunia kana kwamba nimeificha chini ya kitanda.

Naandika kwa sababu ulinikatia simu. Ulisema mambo ya ndoa hayasemwi kwenye simu, watu wote wa kwenye bajaji wanasikiliza, halafu ukakata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Basi nimekaa chini nikaandika kama mtoto wa bweni. Barua nimempa kondakta pamoja na mfuko wa mchele wa Rujewa. Akukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Gwakisa amesoma mahali kwamba wazungu wana majira ya machipuko, na majira hayo mume na mke husafiri wawili tu, bila mtoto, bila msiba, bila mgonjwa wa kumwona. Amelipenda wazo hilo mpaka anatembea nalo hadi bafuni. Likizo fupi ya Pasaka anataka twende mahali. Ameniwekea sehemu mbili ambazo hata watu wa hapa Mbeya wengi hawajazifikia: Kitulo kule juu Makete, kwenye maua, au Matema kule chini Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Anasema mwenye kuchagua ni mimi. Lakini akitaja Kitulo sauti inamshuka, na akitaja Matema anatoa picha kwenye simu.

Mimi nataka Kitulo. Nimeshaona mikungu ya ndizi ya Kyela ya kutosha tangu niolewe, sasa nataka kuona kitu ambacho hakuna mtu atanibebesha nikiondoka. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Lea


Ipogolo, Iringa
29 Januari 2024

Lea,

Marahaba. Mchele umefika. Harufu ninaikubali, lakini una mawe. Naona huko Mbeya siku hizi mchele na kokoto vinapimwa pamoja.

Habari za hapa ni zile zile. Malori yanapanda na kushuka barabarani, vumbi lote linakuja kwangu. Jirani yangu Eveline ameozesha kijana wake wa mwisho, na jikoni wakaweka watu wasiojua hata kuchochea moto. Wali ulikuwa mbichi ndani na umeungua nje. Nilionja, nikaweka kijiko chini, nikasema asante nimeshiba tangu nyumbani. Jumuiya yetu mimi ndiye niliyekuwa nasimamia majiko ya shughuli zote. Sasa wanasema nimechoka. Waendelee.

Sasa hiyo safari. Majira ya machipuko. Hapa kwangu magugu yanachipua mwaka mzima na hakuna aliyewahi kunishika mkono tukaenda kuyatazama. Mimi na marehemu mume wangu tulisafiri wawili tu mara chache, moja ilikuwa kwenda kumzika mama yake, nyingine kwenda Mgololo kufuata mwili wa baba yako, kaka yangu Liberatus, alipofia kule kwenye kazi ya karatasi. Tukarudi na wewe umelala mapajani mwangu. Hatukuona ua hata moja njiani na ndoa haikufa. Lakini nyinyi msiotazamana nyumbani mpaka umeme ukatike, labda mnahitaji kubadilisha mahali.

Kitulo naijua kwa kusikia. Wanaiita Bustani ya Mungu. Na sisi wengine tunalima shamba la nani? Mtu anavaa makoti mawili, anapanda mlima kutazama majani yasiyoliwa, anashuka na mafua. Hata hivyo, kama lazima mwende kupoteza muda, mkapoteze huko.

Matema usiniambie. Mimi sikuzaliwa jana. Barabara ya Matema inapita Ipinda, na Ipinda ndiko kwa baba yake Gwakisa. Mtu akikuambia anakupeleka ufukweni, tazama kwanza anapitia wapi.

Mimi harusi yako sijaisahau. Nilitoa kiti sebuleni kwangu, kile cha mninga alichokitengeneza marehemu kwa mikono yake, nikakifunga utepe mweupe, nikakiweka meza ya mbele karibu na mama yake Gwakisa. Kilikuwa cha baba wa bwana harusi. Kikakaa kitupu tangu watu wanaingia mpaka tunakunja maturubai, na Ipogolo nzima ikaona. Didas, huyo mshenga wenu, akaniletea maneno ya pembeni, eti mila yao baba mkwe haonani na mke wa mwanawe. Mila. Mtu hataki kula kwa Wahehe, anaita mila.

Kiti kipo hapa na utepe sijaufungua. Mgeni akitaka kukikalia namwambia kina mwenyewe, ni mtu mkubwa sana, bado anafikiria kama atakuja.

Msalimie huyo mwalimu wako.

Shangazi yako,
Devota


Uyole, Mbeya
11 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mawe yale niliyaweka makusudi ili usikose la kusema.

Mercy aliugua mafua, amepona. Mbolea imefika wakati mahindi yameshafika magotini, kwa hiyo sasa wananinunia kwa sababu ipo. Mvua hazikatiki. Nguo zinakaukia jikoni na sote tunanuka moshi, hata mwalimu wa hesabu akiingia darasani.

Ulikuwa sahihi kuhusu njia ya Matema, na naandika hivyo kwa kalamu nzito. Nilimbana Gwakisa mpaka akasema. Lakini kwanza lazima nikueleze kitu ambacho sijawahi kukueleza vizuri kwa sababu naona aibu.

Mila ile ipo kweli. Mimi na baba wa Gwakisa hatujawahi kuonana. Tukienda Ipinda mimi nafikia kwa dada wa mama mkwe, na mzee akipita kwenda kwenye kakao yake napigiwa kelele niingie ndani. Kuna Pasaka moja nilichelewa. Nikajitosa kwenye banda la kuku na kitenge changu kipya. Mzee alisikia vurugu ya kuku, akasimama, akakohoa, akageukia migombani akasubiri nitoke nikimbilie ndani. Mimi nina diploma ya kilimo, Shangazi, nawafundisha watu kupima dawa za wadudu, na nilikuwa nimechuchumaa na kuku. Jina lake silitamki wala hapa siliandiki. Nimezoea kulizunguka, kama shimo la njiani.

Sasa mzee ana presha ya macho. Jicho moja limeshakwenda na daktari amesema la pili linafuata, hawezi kulirudisha. Mzee akamwita Gwakisa akamwambia anataka kumwona mke wa mwanawe kabla giza halijaingia. Kwa ukoo wao baba mkwe mwenyewe anaweza kuuondoa mwiko, na akiuondoa umeondoka, nitakaa naye barazani nimwandalie chai kama mkwe wa mtu yeyote. Ila mkwe haletwi na watu wa mumewe. Analetwa na mkubwa wa kwao, amemshika mkono, amkabidhi mbele ya mzee. Bila hivyo mzee hakubali, anasema itakuwa wizi.

Baba na mama yangu hawapo. Mkubwa wangu ni wewe.

Ndiyo hiyo safari ya machipuko. Gwakisa alipanga tupitie Ipinda, jambo lifanyike, halafu tushuke Matema tukapumzike. Akaificha nyuma ya picha za ufukwe kwa sababu anakuogopa. Nilimwambia ni mwoga. Akasema, "Basi mwambie wewe." Nimekaa na kalamu hii siku nyingi, kwa hiyo waoga tuko wawili.

Mimi moyo wangu uko Kitulo bado, na mambo ya kujificha nayaona ni upuuzi mtupu. Lakini anayepofuka si mimi. Utakuja?

Lea


Ipogolo, Iringa
22 Februari 2024

Lea,

Marahaba. Mtoto apakwe mafuta ya nyonyo kifuani, na umwache huyo daktari wa kwenye simu. Hapa ninaumwa nyonga ya kushoto, lakini sijamwambia mtu kwa sababu wataniletea ushauri.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimesimama. Sikuona sababu ya kukaa.

Siji. Niliandike tena ili usiseme hukuliona: siji. Juni ile ya harusi macho yake yalikuwa mazima. Kulikuwa na basi, kulikuwa na kiti, kulikuwa na chakula cha kulisha kata nzima. Alipokuwa anaona hakutaka kuona. Leo haoni, anataka aonyeshwe, na wa kumwonyesha niwe mimi, nikuburute mkono kama mbuzi wa mnadani mpaka mbele yake. Eti itakuwa wizi. Binti wa watu alimchukua bila hata kuja kusema asante kwa aliyemlea, hilo halikuwa wizi.

Na wewe nikushangae. Nilikulea uwe na shingo. Nilikutoa mapajani, nikakusomesha kwa vitumbua na majiko ya harusi za watu, ili ukaingie banda la kuku. Ungeniambia mapema ningekuja kukutoa mwenyewe.

Basi uchague. Mkienda Kitulo nitakufumia sweta, maana baridi ya huko inaua. Mkienda Matema, mkirudi msipite kwangu. Sitafunga mlango. Mtaukuta wazi na mimi simo.

Na usidhani siku ile nilikuwa nimelala. Yule mshenga wenu alikuwa ameshalewa ulanzi kabla ya keki, mimi ndiye niliyekuwa na macho kila upande. Watu wote walikula kwa utaratibu na hakuna mzamiaji aliyeonja. Kulikuwa na mzee mmoja nilimfuma nyuma ya simtank la maji, amekaa juu ya tofali, amejifungulia mwavuli mweusi wakati hakuna jua wala mvua, ameigeuzia shughuli kisogo. Nikamuuliza, "Wewe ni wa upande gani?" Akasema, "Mimi nasikiliza tu, mama." Nikamwambia hapa si redio, harusi ina kadi, akasikilizie barabarani. Hakubisha hata kidogo. Alinyanyuka akainamisha kichwa, akasema "ndaga, ndaga," sijui ndiyo jina lake, akafunga mwavuli akatoka na geti la nyuma. Wazamiaji wana adabu kuliko wakwe zako.

Devota


Uyole, Mbeya
3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Barua yako ilifika tukiwa mezani. Nilimsomea Gwakisa ile sehemu ya mzamiaji ili acheke, maana mengine yote nilikuwa nimeyaruka. Hakucheka. Aliweka tonge chini akasema, "Rudia hapo kwenye mwavuli." Nikarudia. Akasema, "Rudia alichosema wakati anaondoka."

Ndaga ni asante, Shangazi. Ni Kinyakyusa. Umeoza binti kwa Wanyakyusa tangu mwaka 2021 na hujataka kujua hata neno lao la shukrani.

Yule alikuwa yeye.

Alitoka Ipinda na basi moja na mama mkwe. Alikubaliana na Didas kwamba atakaa mahali asiponiona na nisipomwona, ajifunike na mwavuli, asikie tu mwanawe akiozwa. Didas alitakiwa akuambie wewe, na ampelekee chakula. Mimi sikuambiwa kwamba yupo, kwa sababu ningejua ningegeuka kutazama, na bibi harusi akigeuka imeharibika. Gwakisa alidhani unajua. Miaka yote ukisema habari ya kiti kitupu yeye aliona unalalamika kwa nini mzee hakukaa meza ya mbele, akanyamaza, kwa sababu wewe ni mkwe wake na kwao mkwe habishiwi.

Lakini si hilo lililonifanya nisilale. Aliporudi Ipinda ukoo mzima ulikaa kumsubiri, wakamuuliza Wahehe wamempokeaje. Akawaambia, "Wamenipokea vizuri sana. Mama mmoja mkubwa alinifuata mwenyewe nilipokuwa, akanipa kiti." Amesema hivyo mpaka leo. Gwakisa analijua neno hilo kwa moyo. Kila wakivuna mpunga mzee anatenga mfuko anasema huu ni wa yule mama wa Iringa. Sisi tukikutumia tunakuambia ni wa Rujewa, kwa sababu tulijua cha Ipinda utakirudisha na basi hilo hilo. Ule wa Januari uliosema una mawe ulikuwa wake. Alikaa barazani kuuchagua mawe mwenyewe, kwa jicho lile moja.

Gwakisa hakusema neno baya juu yako. Alinawa mikono akaenda kusahihisha madaftari, na sikusikia kalamu ikitembea. Ningependa angetukana.

Sikuandikii ili uombe radhi. Tumekaa pamoja miaka mingi na sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwako, wala silitegemei sasa. Unajua kupima wali wa kila mtu, Shangazi, na unajua nani ana kadi na nani hana. Siku ile ulipima, na mtu aliyekuja toka Kyela kusikiliza sauti ya mwanawe ukampeleka barabarani kwenye malori.

Nimechagua Matema. Jumatatu ya Pasaka tunatoka hapa asubuhi. Kama hakuna wa kunishika mkono sitaingia kwake kinyume cha anavyotaka. Nitakaa nyuma ya nyumba yake juu ya tofali, nitamgeuzia kisogo, nizungumze na mama mkwe asikie sauti yangu tu. Yeye alishafanya hivyo kwa ajili yangu.

Lea


Uyole, Mbeya
17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Hujajibu na simu huipokei. Nilidhani barua imepotea nikaenda stendi kumuuliza kondakta. Anasema alikukabidhi mkononi, ukaifungua pale pale kando ya barabara, ukaisoma umesimama. Halafu ukamwomba mwenye kibanda cha matunda akupe mahali pa kukaa.

Kama ni nyonga, niambie. Kama ni hasira, niandikie hata tusi, nimeyazoea. Mercy anakuulizia. Anaita kila mwanamke mwenye kilemba Bibi Devo.

Tunaondoka Jumatatu ya Pasaka, halijabadilika.

Lea


Ipogolo, Iringa
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Lea,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa. Huyo kondakta wako kazi yake ni kubeba mizigo, lakini naona anabeba na ya watu wasiomtuma. Nilikaa kwa sababu ya nyonga.

Habari za hapa. Leo tumeandamana na matawi, kwaya imeimba juu ya uwezo wake kama kawaida, paroko alichelewa. Eveline ananiuliza kwa nini sipo kwenye orodha ya majiko ya Pasaka. Nimemwambia Pasaka sitakuwepo. Akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda ufukweni, majira ya machipuko. Akaenda zake bila swali la pili, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa yule mwanamke.

Jumatano nilipanda bajaji nikaenda kwa Didas. Nilimkuta anakunywa chai. Nimeongea naye, mke wake na majirani wakiwepo. Hatakuwa mshenga wa mtu tena katika wilaya hii, na chai hakuimaliza.

Mchele uliokuwa umebaki niliumwaga kwenye ungo nikauchagua upya, nje, kwenye mwanga mzuri. Mawe niliyoyasema sikuyaona. Nimeupika nikala peke yangu, sikumwita mtu.

Sasa sikiliza, na umsomee mumeo. Jumamosi Kuu nitakuwa kwenye basi la asubuhi. Pasaka nitasali kwenu Uyole na kwaya yenu nitaivumilia. Jumatatu tunashuka wote. Mercy asiachwe kwa jirani, aje. Hamtakwenda wawili tu kama wazungu, na kama hilo linamuumiza Gwakisa, Matema mtaendelea wenyewe baada ya Ipinda. Mimi huko kwenye maji sina shida nako. Maua ya Kitulo yatachanua tena mwakani, na macho ya yule mtu hayana mwakani. Sweta nimelifuma hata hivyo, lilikuwa limefika mabegani. Utalivaa kwenye joto la Kyela na utasema ahsante.

Hutakaa juu ya tofali lolote. Hilo la kumgeuzia mtu kisogo liishe. Utavaa kile kitenge kilichoingia banda la kuku, kifuliwe na kipigwe pasi, na mimi nitakushika kwa mkono wangu wa kushoto. Wa kulia utakuwa na kazi nyingine.

Jana nilikwenda kukata tiketi. Kondakta akaniambia kiti kitakaa kwenye buti na mikungu ya watu. Nikamwambia kiti hiki nimekikatia nafasi, kitakaa karibu nami dirishani, na akitaka kubishana anione nikiwa nimeshakaa ndani ya basi. Ni kile cha mninga. Nimekipaka mafuta. Utepe ulikuwa umeingia vumbi la malori, nimeufua nikaufunga tena.

Usimtangulizie mtu maneno kwamba nakuja na nini. Mwambie mumeo apeleke salamu moja tu. Mimi si mkwe wake, jina lake naweza kulitaja, lilikuwa kwenye kadi niliyoiandika kwa mkono wangu. Amwambie Mzee Isakwisa kwamba yule mama wa Iringa anakuja. Akae barazani mahali penye mwanga. Nikifika yeye atakaa, mimi nitasimama, na hilo la ndaga nitalisema mwenyewe. Nimeanza kujifunza.

Watu wake aliwaambia mama mmoja alimpa kiti. Sitaki aonekane mwongo mbele ya ukoo wake katika uzee huu. Hakudanganya. Kiti kipo, kimechelewa njiani.

Shangazi yako,
Devota